Bia ya nyama choma Moshi: kabla ya kuuliza bei, uliza kreti lilishinda wapi

Desemba iliyopita tulikuwa na ubatizo Kibosho, mtoto wa mdogo wangu. Nyama alishika shemeji, vinywaji nikapewa mimi. Nikachukua makreti matatu ya bia ya chupa ya kijani, maana wageni wa kutoka Dar ndiyo wanayoipenda. Jina siitaji, kiwanda hakikukosa kitu. Waliokunywa ya baridi hawakusema neno. Kisha baba mkwe wa mdogo wangu, mzee ambaye bia ya friji haimpiti kooni, akaomba ya moto. Akafungua, akaisogeza puani, akanitazama.

"Mwanangu, hapa kumepita kicheche?"

Nikanusa. Kweli kabisa. Kicheche, au ukipenda, vijana waliojificha nyuma ya migomba wakivuta kitu wasichotaka mjomba akione.

Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu kiwango cha kilevi wala stempu ya TRA, hivyo mnavisoma wenyewe kwenye chupa. Unahusu jua. Uchungu wa bia unatoka kwenye maua ya hopsi, na mwanga wa jua ukiupiga ule uchungu unavunjika na kuungana na salfa iliyomo kwenye bia. Hapo ndipo harufu inapozaliwa. Si joto, ni mwanga. Hata bia iliyo kwenye barafu inaharibika ikipigwa na jua. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo sana, nyeupe ni kama haipo. Kopo halipitishi kitu.

Shemeji alibisha, akasema ni kelele za mtandaoni. Nikachukua bia moja ya chupa ya kahawia, nikaigawa kwenye glasi mbili. Moja kabatini, moja barazani saa sita mchana, jua la Moshi mnalijua. Dakika kumi na tano tu. Nikazirudisha zote kwenye friji zipoe sawa, nikampa anuse bila kumwambia ipi ni ipi. Ya barazani hakuimaliza.

Sasa tupange.

Namba moja kwangu ni Safari, na sijifichi. Najua Safari si ya Serengeti Breweries, wenye kiwanda hapa hapa Moshi, na majirani watanisema, mnisamehe. Chupa yake ni ya kahawia, kilevi asilimia 5.5, na ina mwili wa kimea unaosimama mbele ya mbuzi. Mbuzi choma ana mafuta yake na harufu yake, na bia nyepesi inapotea pale kama maji. Chukua ubavu uliochomwa taratibu hadi mafuta yanadondokea mkaa, chovya kwenye chumvi na ndimu, kisha piga fundo la Safari. Utamu wa kimea unakutana na ile sehemu iliyoungua kidogo pembeni. Isiwe ya barafu, tafadhali. Baridi kali inaficha ubaya, ni kweli, lakini inaficha na uzuri.

Ya pili ni Guinness, kwa kitimoto na mishikaki. Weusi wake unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, kwa hiyo inaongea lugha moja na nyama iliyobabuka. Ila punguza pilipili. Uchungu na kilevi vinaongeza ukali wake mdomoni, na kachumbari ya kwenye mabanda yetu ya kitimoto haina huruma.

Ya tatu itawashangaza: mbege. Watu wanakwenda Arusha kutafuta kwenye supamaketi bia za viwanda vidogo kutoka nje, zenye lebo za kuchorwa, wakati bia ya kutengenezwa kwa mkono tumeikalia hapa mlimani. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa siku kadhaa, zinachujwa, zinachanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa, na uchungu unatoka kwenye maganda ya mti wa msesewe. Mnaona? Hakuna hopsi, kwa hiyo hakuna kicheche. Jua halina neno na mbege kwa upande huo. Adui wake ni siku. Ya leo ina utamu na uchachu kidogo, inakata mafuta ya mbuzi vizuri kuliko bia yoyote ya chupa. Ya juzi ni siki. Ukifika kwa mama mpishi, salimia kwanza, kisha uliza imeivishwa lini. Akijibu "kunywa tu", rudisha kata.

Kilimanjaro ni ya nne, kwa kuku na samaki. Asilimia 4.5, haigombani na mtu.

Bia za chupa ya kijani, Heineken na Castle Lite, nunua za kopo. Zile za nje zenye hopsi nyingi ndizo za kuogopa zaidi kwenye chupa isiyo ya kahawia, hasa zilizopangwa mbele ya kioo cha duka. Za bei ya chini kabisa zinywe baridi sana, uendelee na maisha.

Tatizo langu kubwa ni wauzaji. Makreti yanapangwa nje ya duka kama mapambo, kutwa nzima, hadi plastiki inapauka. Mangi mmoja nilimwambia ayaingize ndani, akanijibu, "Dada, bia ni ya kiwandani, jua halina shida nayo." Na ni huyo huyo ambaye ikifika tarehe ishirini ya Desemba, watu wakianza kushuka stendi na mabegi, anaongeza mia tano kwa kila chupa. Tunalipa bei ya sikukuu kwa bia iliyoanikwa kama mahindi! Nikirudisha chupa tupu anazikagua moja moja kama afisa forodha, lakini zilizojaa hataki nizikague.

Mimi nazikagua hivyo hivyo. Kreti lililopauka silichukui. Lebo iliyofifia upande mmoja, siichukui. Naomba la chini, la ndani, nyuma ya magunia ya sukari, na kijana wa dukani akinuna namsubiri anune amalize.

La Pasaka nimeshalinunua. Lipo chini ya kitanda cha wageni, limefunikwa gunia, na shemeji bado hajaambiwa.