Gari Dogo la Dizeli Nairobi: Lipi Nichukue?

Kama safari zako ni Buruburu hadi mjini na kurudi, chukua la petroli, usisumbuke kusoma zaidi. Dizeli ya kisasa ina chujio la masizi kwenye eksozi, na masizi hayo huchomwa gari likiwa mwendoni, injini imepata moto vizuri. Kwenye msongamano wa Jogoo Road nafasi hiyo haipatikani. Chujio linaziba.

Kwa anayepanda Nakuru kila wikendi, hivi ndivyo ningechagua.

Kwanza, Mazda Demio ya 1.5, toleo la kuanzia 2014. Ni sisi 1,498, kwa hivyo likiagizwa Japani ushuru wa bidhaa ni wa kundi la chini. Mafuta linanusa tu. Shida yake ni masizi. Langu nililipendea rangi. Wiki ya tatu, mlima wa Kinungi, malori yakawa yananipita. Fundi alipofungua njia ya hewa alikuta masizi yameganda kama lami.

Pili, Mazda Axela ya 2.2: nguvu tele, ushuru juu. Ipo ya 1.5 pia, lakini hiyo ni injini ya Demio iliyobebeshwa mwili mzito.

Tatu, Golf TDI, yaani dizeli ya Volkswagen. Tamu barabarani, ila giaboksi yake ya DSG, inayojibadilisha yenyewe, ile ya gia 6, hutaka oili mpya kila kilomita 60,000. Muuzaji hana risiti? Mwage.

Kukagua, nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiliwashe. Gusa boneti, ikiwa vuguvugu, jiulize kwa nini alikutangulia. Ingiza kidole kwenye bomba la eksozi. Kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au lilishakatwa. Kwa Mazda, chomoa kijiti cha oili: juu ya alama ya kujaa kuna X. Oili ikiikaribia, dizeli imeingia humo, kwa sababu kuchoma masizi huhitaji dizeli ya ziada, na nyingine huteremkia kwenye oili.

Mileji ndogo isikulevye. Kilomita 40,000 za mjini zinanitia hofu kuliko 110,000 za barabara kuu. Dai karatasi ya mnada ya Japani, linganisha na mileji ya gari.

Yadi nyingi zitakupa mzunguko wa dakika tano. Omba Thika na kurudi, mafuta ulipie wewe.