Kichupa cha udongo kutoka Kannauj: nilichokipata Old Kampala

Huu mwaka wa kumi na nne napamba maharusi hapa Kampala, na katika kazi yangu mafuta mazuri ni nusu ya mkoba. Bibi harusi atakusamehe piko ikipinda kidogo kidoleni. Lakini mawifi wakimkumbatia wakakuta hanukii, habari zako utazisikia mpaka Jinja.

Ndiyo maana nilipoambiwa kuna mzee karibu na msikiti mkubwa wa Old Kampala anauza atri, yaani mafuta ya manukato, za Kannauj huko India, nilipanda boda siku hiyo hiyo. Duka ni mlango mmoja, limebanwa kati ya muuza kanzu na fundi simu. Kioo cha kaunta kimepasuka, kimeshikizwa na seloteipu ambayo nayo imeshazeeka. Hakuna kibao. Ukifuata pua utafika.

Mwenyewe ni Mhindi mzaliwa wa Jinja, aliyeondoka akiwa kijana mwaka 1972, Amin alipowafukuza Waasia, akarudi miaka ya tisini. Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wanangu. Nikamuuliza, "Mzee, Kannauj ndiko kwenu?" Akacheka. "Mama, kwetu Gujarat, na huko Gujarat kwenyewe nimekujua ukubwani. Kannauj mimi mteja tu, kama wewe."

Kannauj ni mji mdogo wa jimbo la Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, karibu na mto Ganga, kama kilomita 80 kutoka Kanpur. Karne ya 7 ulikuwa makao ya mfalme Harsha, na mtawa wa Kichina Xuanzang alifika akauandika. Mzee anasema ukishuka stesheni leo usitafute kasri; utakuta vichochoro, matofali na moshi wa kuni. Ufalme ulikwenda zake, yakabaki manukato. Yeye alikwenda mara moja tu, kwa treni, akarudi na shati ambalo mkewe alikataa kulifua wiki nzima kwa jinsi lilivyonukia.

Video aliyopiga kwenye simu alinionyesha mara mbili, na ningeiomba ya tatu. Sufuria la shaba lenye tumbo, kubwa kama lile la pilau ya harusi, limejengewa juu ya jiko la matofali. Wao huliita deg. Ndani mnatiwa maji na maua, kisha kifuniko kinazibwa kwa udongo uliokandwa na pamba, vile wapishi wengine wanavyoziba biriani kwa unga ili mvuke usitoroke. Kutoka pale unakuja mwanzi uliozungushiwa kamba, unaingia kwenye mtungi wa shaba wenye shingo, bhapka, uliozamishwa ndani ya birika la maji. Humo mtungini mafuta ya msandali yanangoja mvuke. Kipimajoto hakuna. Kijana anainama, anaubandika mkono kwenye mtungi, anatikisa kichwa, anachomoa kuni moja. Basi. Nilifurahi, maana nami huipima hina kwa kidole na watu hunicheka.

Sasa kichupa chenyewe. Nilinunua vitatu, na cha kwanza kinaitwa mitti, yaani udongo. Hakina ua hata moja. Wanachukua udongo uliochomwa, wanautia kwenye deg kama vile wangetia mawaridi, harufu yake inaingia kwenye msandali. Nilipaka tone moja chini ya kifundo cha mkono nikasubiri. Mwanzo ulikuwa mtungi mpya. Wale waliolelewa na nyanya watanielewa: mtungi umetoka sokoni, unatiwa maji kwa mara ya kwanza, udongo unayanywa na kuguna, na harufu inapanda. Nilisimama pale dukani nikaiona baraza ya nyanya yangu Likoni. Baada ya saa moja udongo ulirudi nyuma na msandali ukaja mbele, mtulivu, na mpaka usiku ulikuwa ungalipo.

Watu husema ni harufu ya mvua. Ni kweli, ila si mvua ya Kampala. Hapa inanyesha mara nyingi mno, udongo wetu mwekundu haupati muda wa kuona kiu, na mvua yetu inanuka majani na mitaro. Hii ni mvua ya nchi iliyokaukiwa miezi kadhaa kwenye joto kali mpaka masika yao yanapofika mwezi wa Juni. Ukitaka harufu ya Kampala, fungua dirisha.

Cha pili ni kewra, na hapa watu wa pwani msome vizuri: ni mkadi wetu, au tuseme ndugu yake. Maua yake hutoka hasa Odisha, mbali na Kannauj, lakini ufundi ni ule ule wa deg. Ni kali, ina utamu wa kupanda kichwani. Tone moja kwenye pamba, pamba ndani ya kikuba, imetosha. Ukizidisha, bibi harusi atapiga chafya mbele ya kadhi, na nasema hivyo kwa kuwa nimeshuhudia.

Cha tatu, waridi, ndicho kilichoniudhi. Kilifunguka vizuri sana, halafu saa mbili hazijatimia harufu imekwisha, ngozi imebaki na mafuta tu kama niliyepaka ya watoto. Msandali umekuwa ghali, na watengenezaji wengi siku hizi huweka mafuta ya parafini mahali pake. Hata msandali wa huku kwetu, wa jamii nyingine, ule unaokatwa kwa magendo Karamoja, umewekewa udhibiti wa biashara ya kimataifa tangu 2013. Kwa hiyo sababu naijua. Lakini bei niliyolipa ilikuwa ya msandali.

Nilimrudishia. Mzee alinusa, akanyamaza, akapaka mkononi mwake, akaniagiza chai ya maziwa yenye tangawizi, tukakaa. Chai ilipokwisha akanusa tena. "Hii wamenipiga na mimi," akasema, akanirudishia pesa bila kuhesabu mara mbili. Ila alivirudisha vichupa vilivyobaki pale pale rafuni badala ya kuvitoa, na hilo sikulipenda.

Mitti ya mililita 3 nililipa shilingi 60,000, kewra 35,000. Ghali, ndiyo, lakini mitti hiyo imeshanitolea maharusi wanne na bado iko nusu. Ukienda, omba kupaka mkononi kwanza, kazunguke sokoni saa mbili ndipo ulipe, mzee hakasiriki. Hapokei kadi, pesa mkononi au Mobile Money. Ijumaa mchana hufunga, kwa kuwa njia yote hujaa waumini. Na usivae manukato mengine siku hiyo, kama nilivyofanya mimi mara ya kwanza, nikamaliza nauli ya boda nikinusa udi wangu mwenyewe.