Geji ya kashata: uliza tairi kabla hujalipia alaimenti

Wana Kusini, karibuni tena. Leo nina geji mbili za kupimia kina cha kashata, yaani yale meno ya mpira ya tairi yanayokanyaga barabara: hii ya kijiti, na hii ya betri yenye kioo. Namna ya kuwasha siwaelezi, kitufe mnakiona. Twende moja kwa moja kwenye hii Corolla 110. Tairi za mbele zinaisha upande mmoja, na ikifika 90 usukani unacheza.

Kata usukani mpaka mwisho ili tuufikie upande wa ndani wa tairi. Sogeza kamera hapo. Tunapima mara tatu: nje, katikati, ndani. Kijiti kishuke kwenye mfereji, na kisikalie kile kinundu cha mpira. Kile ndicho alama ya kikomo, kimeinuka milimita 1.6, kwa hiyo ukipima juu yake utasoma pungufu. Haya. Nje, 6. Katikati, 6 kasoro kidogo. Ndani... 3! Tairi jipya la gari dogo huanza na 8 hivi. Na ukisimama pembeni ya gari unaona kashata zimejaa tele, unasema tairi bado zima. Ndiyo maana naipenda hii kitu.

Katikati pangelika zaidi, upepo umezidi. Kingo zote mbili zingelika, upepo ni mdogo. Fuata kibandiko cha upepo kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, achana na namba ya ubavuni mwa tairi, ile ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi linabeba.

Lakini hapa pamelika ndani tu, na geji haikwambii kwa nini. Weka kiganja. Kipitishe kutoka ndani kwenda nje, halafu kirudishe. Pakiwa laini kwenda na kurudi, gurudumu limelala: springi zimechoka au kuna kitu kimepinda. Hili letu ni laini kiganja kikienda nje, kikirudi ndani linakwaruza kama msumeno. Maana yake magurudumu yametanuka kwa mbele, kila moja linatazama nje, linaburuzwa badala ya kubingirika.

Sasa wengi wakishaambiwa hivyo wanakimbilia alaimenti, kupangiwa upya mwelekeo wa magurudumu. Jamani! Mashine itaonyesha namba nzuri gari likiwa limesimama, ukitoka barabarani tairodi iliyolegea, kile chuma kinachounganisha steringi na gurudumu, inarudisha kila kitu kilipokuwa. Piga jeki kwanza, weka stendi, usiamini jeki peke yake. Shika gurudumu kushoto na kulia, tikisa: likicheza, angalia tairodi. Shika juu na chini, tikisa: likicheza, mwenzio akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni boljointi, kiungo cha duara kinachoshika gurudumu. Halafu ingiza mtaimbo kwenye bushi za amu ya chini, yaani mipira ya ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu, hasa ile ya nyuma. Mpira ukiwa umechanika, gurudumu linahama kila ukifunga breki. Badilisha vilivyokufa, ndipo ukapime alaimenti. Fundi azungushe tairodi zote mbili sawasawa, la sivyo usukani utakaa upande.

Mtikisiko wa usukani kati ya 80 na 110 mara nyingi ni balansi ya mbele, yaani uzito wa gurudumu haujagawanyika sawa. Ukiusikia kwenye kiti, anza na magurudumu ya nyuma. Ukija pale tu unapofunga breki, angalia diski. Huna uhakika? Hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma. Mtikisiko ukihamia kwenye kiti, tatizo ni gurudumu lenyewe, steringi haina kosa. Na wanaoshuka kutoka Newala na Masasi masika, kwangueni udongo uliokaukia ndani ya rimu kabla ya kulipia balansi, maana ule nao ni uzito. Sisi wa Mikindani na Lindi mjini tuna chumvi ya bahari: kutu kati ya habu, pale rimu inapofungwa, na rimu yenyewe inazuia gurudumu kukaa bapa. Brashi ya waya, kisha kaza nati kwa kupishanisha. Toyota nyingi ndogo ni 103 Nm kwa spana ya kipimo.

Mnaouziwa tairi za mtumba, someni tarakimu nne za mwisho wa ile DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nene kwenye mpira uliokauka hazina faida.

Hii ya betri? Inasomeka vizuri, ila kitufe cha kuweka sifuri kimekaa vibaya. Kidole kikigusa wakati kijiti kimetoka, vipimo vyote vinavyofuata ni uongo na hakuna kinachokutahadharisha. Bonyeza sifuri juu ya kioo cha dirisha kila unapoanza. Mimi ningechukua ya kijiti. Bei yake haifiki lita tano za petroli, na muuzaji akipandisha, ondoka, ziko tele.

Video ijayo ni shokapu, wale ambao tairi zenu zimelika mabonde mabonde. Niandikieni hapo chini namba zenu tatu: nje, katikati, ndani.