Gavana za mwendo: ya kukata mafuta au ya pedali?

Kwenye gereji za Industrial Area na Kirinyaga Road jijini Nairobi, mwenye matatu au lori huulizwa kwanza anataka gavana ya bei gani. (Ya gari, si ya kaunti.) Tangu kanuni za 2003 za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wakati huo, kikomo ni kilomita 80 kwa saa kwa magari ya abiria na ya mizigo yanayozidi kilo 3,048 yakiwa matupu. Kisanduku chochote cha maana kitashika 80. Cha kuuliza ni kinaibanaje injini, na nani anakifunga.

Ya kukata mafuta ni ya bei rahisi, na inaonekana hivyo. Valvu ya umeme hukaa kwenye mpira wa dizeli kabla ya pampu. Mwendo ukifika kikomo inafunga, ukishuka kidogo inafungua. Abiria husikia gari likikatakata kama linaloishiwa mafuta. Kila kiungo kipya kwenye mpira ni mlango wa hewa, ndiyo maana asubuhi gari linagoma kuwaka mpaka upige pampu ya mkono. Kwa injini ya zamani inavumilika, mradi valvu iwekwe baada ya filta, si kabla, uchafu wa tangi usije ukaikwamisha. Kwa injini za common rail, yaani dizeli za kisasa zinazolisha injekta zote kutoka bomba moja lenye presha kubwa, ikatae kabisa. Pampu ya presha hulainishwa na dizeli hiyohiyo. Ukiinyima inajisaga, na unga wa chuma unaishia kwenye injekta.

Ya pedali ndiyo ya kununua kama gari lina pedali ya umeme. Inasoma volti zinazotoka kwenye pedali na kuzipunguza mapema, hivyo gari linatulia kwenye 80 bila kushtuka. Ubaya wake ni waya. Pedali hutuma ishara mbili, na kwenye magari mengi moja ni takriban nusu ya nyingine. Zikipishana, taa ya injini inawaka na gari linakosa nguvu. Mara nyingi kosa ni nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu. Dai zichomelewe kwa risasi na zivikwe mpira wa kubana kwa joto.

Kinachoharibu kazi nzuri zaidi ni vipimo. Gavana huhesabu mipigo ya sensa ya gia boksi, haijui ukubwa wa tairi. Ukitoa 7.50-16 ukaweka 8.25-16, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi kwa takriban asilimia 6: gavana inaona 80, gari liko karibu 85. Kwa hiyo fundi anayeseti gari likiwa limesimama na kukupa cheti, mwache. Atoke nawe hadi barabara iliyo wazi, simu ikisoma GPS kwenye deshibodi, arekebishe mpaka namba mbili zikubaliane. Kisha achomoe sensa. Gavana nzuri hulegeza injini na kuandika tukio hilo kwenye rekodi. Mbaya huliachia gari liruke, na dereva yeyote atagundua siri hiyo kabla ya wiki kwisha. Lakiri iwekwe baada ya majaribio hayo, kabla hujaenda ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, Likoni Road.

Malori yaliyotumika Ulaya huuzwa kwa maneno “gavana iko tayari”. Ipo kweli, lakini sheria ya kule ni 90 kwa malori na 100 kwa mabasi, kwa hiyo haikusaidii hapa.

Na hakuna gavana kati ya hizi inayofunga breki. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, lori lenye mzigo litapita 80 injini ikiwa hainywi dizeli hata tone. Hapo ni gia ya chini na breki ya eksozi, ile inayobana moshi ili injini ipunguze mwendo. Anayeteremka kwa nyutro ili aokoe mafuta, gavana yake ni pambo.