Skyward Sword HD: upanga wa mkono au wa batani? Acheni ubishi, tuushike wenyewe

Oya wana, karibuni tena Mwanza. Leo salamu fupi maana nina hasira, na hasira yenyewe mmenipa nyinyi. Huko kwenye komenti mnabishana kitu kimoja tu: gemu ya Zelda inayokuja irudishe upanga wa kuchezesha kwa mkono, yaani unapunga padi na upanga kwenye skrini unafuata, au tubaki na padi na batani zake. Nimesoma zote. Na kwa jinsi mnavyoandika naona kabisa kwamba wengi wenu huo upanga wa mkono hamjawahi kuushika. Umeona klipu ya jamaa yuko sebuleni anarusha mikono kama anafukuza nzi kwenye dagaa, ukaandika "utoto huu", ukalala.

Sasa leo nimeleta gemu yenyewe iliyoanzisha ugomvi. The Legend of Zelda: Skyward Sword HD, ya Switch, mashine ya magemu ya Nintendo. Hadithi siwasimulii, mkacheze. Picha ni fremu 60 kwa sekunde, ile ya zamani ilikuwa 30, imeisha hiyo. Kitu kimoja tu mkiweke kichwani: ile ya kwanza ilitoka Novemba 2011 kwenye Wii, mashine yao ya zamani, na ilikuwa ya mkono peke yake. Batani za kukatia upanga hazikuwepo kabisa. Ukiwa huna MotionPlus, kifaa cha kusoma mwendo wa mkono, unaangalia kasha tu. Watu wakalalamika karibu miaka 10, ndipo HD ilipotoka tarehe 16 Julai 2021 wakawekewa njia mbili: mkono, au batani. Uchague mwenyewe.

Mdogo wangu, sogeza kamera. Sogea, sogea, usiogope waya. Hapo.

Hili ua mnaliona? Linaitwa Deku Baba. Angalieni mdomo wake, msiangalie mimi. Saa hizi umefunguka kwa mlalo. Nikikata wima... hamna kitu, upanga umegonga na kurudi. Nikikata kwa mlalo, huyo, kaenda. Sasa huyu wa pili mdomo wake unasimama halafu unalala, unasimama, unalala. Lazima nisubiri nione umekaaje, ndiyo nikate. Tayari gemu imeshanifundisha kitu na haijaandika hata neno moja kwenye skrini: unakata vipi ndiyo jibu, siyo unakata mara ngapi. Kwenye magemu mengi ya vita unabonyeza batani ile ile mpaka kidole kinaota sugu. Hapa ukifanya hivyo unaaibika na ua.

Twende kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote. Tuko Skyview Temple, hekalu la kwanza. Huu mlango una jicho. Jicho kubwa, bichi, linanitazama. Sasa natoa upanga, sikati, naunyoosha tu mbele. Ona! Nikipeleka ncha kulia, jicho linaenda kulia. Kushoto, limekuja kushoto. Juu. Chini. Linaufuata upanga wangu, siyo mimi. Mdogo wangu, piga mkono wangu na skrini kwa pamoja, watu waone hakuna ujanja. Sawa. Sasa nazungusha. Taratibu, duara dogo... jicho nalo linazunguka... linazunguka... limelewa! Limelewa, mlango huo!

Mimi nikiliona hili nacheka kila mara, sijui kwa nini. Hebu turudie.

Kulia. Kushoto. Duara. Haya, kwaheri.

Sasa tuwe waungwana, tuhamie batani. Unaingia kwenye mipangilio unabadilisha, na ukishabadilisha unaendelea pale pale ulipokuwa, huanzi upya. Kwa batani, analogi ya kulia, kale kafimbo ka kidole gumba, ndiyo upanga. Ukiisukuma kushoto unakata kushoto, ukiisukuma juu unakata juu, ukiibonyeza ndani unachoma. Jicho je? Nazungusha analogi... limelewa na lenyewe. Inafanya kazi, sitawadanganya. Ila hebu angalia uso wangu. Nimecheka? Sijacheka. Nimefungua mlango, basi.

Halafu anakuja Ghirahim, bosi wa hekalu hili hili, na hapa ndipo nilipowasubiri watu wa batani. Huyu jamaa ana dharau. Ukirusha upanga unavyojisikia, anaudaka kwa vidole viwili, anakunyang'anya. Anafuata upanga wako ulipo. Kwa hiyo unauweka upanga kulia, unatulia, na mkono wake unakuja kulia. Halafu ghafla unapiga kutoka upande mwingine. Kwa mkono, hiki ni kitu cha kawaida, mkono wako unakaa pale ulipouweka. Kwa analogi, ukiilegeza kidogo tu inarudi katikati, na ukitaka kuitoa kulia kwenda kushoto kwa haraka, mara nyingine gemu inadhani umeshapiga. Unapigwa wewe. Inawezekana kumshinda, nimemshinda, lakini hapo unapigana na analogi, Ghirahim anakutazama.

Mdogo wangu ananiashiria hapa. Sema kwa sauti wakusikie.

"Kaka, mimi nachukua batani. Naweza kucheza nimelala."

Umesikia huyo? Naweza kucheza nimelala. Shikamoo zako umeziacha wapi. Haya, mdogo wangu, nikuulize: ukiwa kwenye batani unageuzaje kamera? Analogi ya kulia si imeshakuwa upanga? Lazima ushikilie batani ya L kwanza, ndipo analogi igeuze kamera. Ukiiachia L, upanga tena. Kwa hiyo uko vitani, unataka kuona nyuma, unakandamiza L, unageuza, unaachia, unakata. Ukisahau L, Link, yule shujaa unayemchezesha, anachomoa upanga katikati ya kijiji mbele za wazee wa watu. Kwa mkono sasa, upanga uko mkononi, na analogi ya kulia iko huru, inageuza kamera muda wote. Hiki hamkisemi kwenye komenti. Wanaodai wanataka padi ya kawaida, kwenye gemu hii kamera ya kawaida ipo upande wa mkono! Nimemaliza hapo.

Sijamaliza. Kuna kitu kinanikera upande wangu huo huo, na nitakisema.

Y. Batani ya Y. Mtaizoea kuliko jina la mama. Unacheza vizuri, ghafla unaona upanga wa Link umeelekea pembeni wakati wa kwako umenyooka mbele. Unabonyeza Y, katikati inarudi. Dakika kadhaa, tena. Y. Unalenga kwa manati, Y. Sababu yake ni hii. Ndani ya Joy-Con, ile padi ndogo ya Switch inayochomoka, kuna vihisi viwili vya mwendo. Kimoja kinahisi mtikisiko na uvutano wa dunia, kwa hiyo chini ni wapi kinajua. Cha pili ni jairoskopu, kinahisi unageuza mkono kwa kasi gani. Kasi, siyo mahali! Mahali kinakokotoa chenyewe kwa kujumlisha, na kila inapojumlisha kunabaki kosa dogo. Makosa madogo yakirundikana, upanga umehama. Chini na juu inajisahihisha kwa uvutano, lakini kushoto na kulia haina cha kushikilia. Ndiyo maana ya Y.

Wii yenyewe ilikuwa na akili nyingine kwenye kulenga, na hii nawapa bure. Kile kijiti kirefu kilichokaa juu ya TV, watu walidhani kinawasiliana na padi. Hamna. Kilikuwa ni taa tu za miale isiyoonekana kwa macho, fungu moja kila upande, na kamera ilikuwa ndani ya padi ikizitazama. Ukiweka mishumaa miwili iliyowashwa badala ya kile kijiti, padi inalenga. Mishumaa! Tatizo, huku kwetu ukishafikia kuwasha mishumaa ujue umeme umekatika, na TV yenyewe imezimika. Tungecheza na nini.

Wapinzani wa Nintendo nao msiwasahau. Mwaka 2010 Sony walileta Move, ile yenye mpira unaowaka, Microsoft wakaleta Kinect, kamera unayosimama mbele yake mikono mitupu. Zote zimekwenda. Ndiyo hoja yenu kubwa, kwamba mkono ulijaribiwa ukafa. Ukafa wapi? Padi ya PS5 ina jairoskopu ndani yake. Switch imejengwa nayo. Xbox ndiyo padi yake haina. Na wewe unayetukana mkono, ulipocheza Zelda ya Breath of the Wild ukavuta upinde, ukasogeza padi kidogo ili mshale uingie kwenye jicho la adui, hiyo ilikuwa nini? Hiyo ni jairo, mwanangu.

Lakini kuna watu siwabishii. Mwenye mkono unaouma, au mkono mmoja hauna nguvu, batani kwake siyo uvivu, ndiyo mlango pekee wa kuingilia. Hapo nasema gemu yoyote inayokuja ikileta mkono bila batani, imekosea, hata kama mkono ni mtamu. Na mashoto pia. Link wa zamani alikuwa mashoto. Mwaka 2006 walipoileta Zelda nyingine, Twilight Princess, kwenye Wii, wachezaji wengi wanatumia kulia, sasa wafanyeje? Waligeuza dunia nzima kama kwenye kioo! Mashariki ikawa magharibi, Link akawa wa kulia. Ya GameCube, mashine ya kabla ya Wii, ikabaki na mashoto wake. Skyward Sword nayo ikaja na Link wa kulia. Mashoto mna haki ya kununa.

Na nafasi jamani. Mimi hapa Igogo nina chumba cha kumi kwa kumi, kitanda, meza, feni. Kukata kwa mlalo naangalia feni kwanza. Vaeni ule mkanda wa mkononi. Wii ilipotoka 2006 padi zilikuwa zinachomoka zinaingia kwenye TV, mpaka Nintendo wakabadilishia watu mikanda Desemba ile ile. Halafu yule ndege mkubwa Link anayempanda kuruka angani, kumwendesha kwa mkono masafa marefu, bega linauma. Pale natamani batani, na nakubali, ila mdogo wangu asitabasamu hivyo.

Bei. Mtandaoni inauzwa dola 60 kasoro senti. Piga kwa shilingi 2,500 kwa hesabu rahisi, ni 150,000. Kwa gemu ya 2011 iliyosafishwa, ni ghali, sina cha kuitetea. Tafuta kadi iliyotumika, ukimaliza unauza. Na sikiliza hapa wewe unayetafuta Switch Lite kwa sababu ni rahisi: Lite padi zake hazichomoki. Kwa gemu hii ni batani tu, mpaka ununue Joy-Con pembeni, na ukinunua Joy-Con ule urahisi umeshapotea. Halafu ukinunua Joy-Con mjini, usilipe kabla hujajaribu. Kuna duka moja waliniuzia padi nzuri kwa macho, batani zote zinaitika, jairo hamna. Ingia kwenye mipangilio ya mashine, sehemu ya padi na vihisi, fanya urekebishaji wa mwendo pale pale kaunta. Ikigoma, rudisha, muuzaji anune tu.

Wenye Switch 2, inacheza pia. Na ile ya Switch 2 imeongeza fitina nyingine, Joy-Con ukiilaza ubavu mezani inakuwa kipanya. Gemu ya kupiga risasi ya Metroid Prime 4 iliyotoka Desemba 2025 inakuruhusu kulenga hivyo, unainyanyua unarudi kwenye jairo. Kwa hiyo Zelda ijayo mjiandae kubishana vitatu, siyo viwili.

Tangazo la chaneli: kuanzia sasa video ni Ijumaa jioni, siyo Jumatano, bando limepanda na ofisini kwa shemeji ndiko kuna mtandao. Ijumaa hii napeleka gemu hii kwenye banda la magemu Mabatini, wale watoto wa FIFA tupu, niwape upanga mkononi bila maelezo tuone nani anamfikia Ghirahim. Wabeja sana wote mnaosabskraibu. Anayetaka kubisha aje kwenye komenti, ila aandike kwanza alicheza kwa mkono au kwa batani, na alifika hekalu la ngapi. Asiyeandika hilo simjibu.