Uzoefu wangu na skrini ya kompyuta mpakato ya michezo: kupepesa, kuzimika na chanzo chake

Kompyuta mpakato ninayoitumia kwa michezo ina skrini ya inchi 15.6 yenye kasi ya hezi 144, yaani hubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, na ndani yake mna kadi mbili za grafiki: moja ndogo iliyomo kwenye kichakataji kikuu, na nyingine kubwa inayojitegemea, ambayo ndiyo hubeba kazi nzito za michezo. Kwa kasi ya mchezo na ubora wa picha sina la kulalamikia. Malalamiko yangu yanahusu skrini, na hata hayo, nilipoyafuatilia, mengi hayakutokana na kioo chenyewe bali na jinsi mtengenezaji alivyoipanga mashine ibane matumizi ya umeme bila kumwarifu mwenye nayo.

Dalili zilikuwa mbili. Kila nilipochomoa chaja, skrini ilikuwa nyeusi kwa muda wa kufumba na kufumbua kisha ikarudi. Na mashine ikiwa kwenye betri, mwanga ulipepesa nilipokuwa nimetulia kwenye ukurasa wa kijivu bila kugusa kitu, ukaacha mara tu niliposogeza kishale. Ndani ya mchezo hakuna kilichopepesa. Tofauti hiyo ilinitia shaka mapema, kwa sababu kebo iliyolegea haijui kama mtumiaji anasoma au anacheza.

Huduma kwa wateja ya mtengenezaji ilinishauri kwanza nisakinishe Windows upya, kisha, bila kuuliza swali lolote la maana, ikapendekeza kioo kibadilishwe. Sikukubali kabla ya kujua tatizo liko upande gani, na kwa hilo vipo vipimo visivyohitaji bisibisi. Cha kwanza ni kuingia kwenye BIOS, programu ya msingi ya mashine inayotangulia Windows, na kuiacha skrini hapo kwa muda, kwa kuwa huko Windows na draiva zake (programu zinazoendesha vifaa) bado hazijaanza kazi. Picha ikipepesa hata hapo, kosa ni la vifaa. Cha pili ni kufungua na kufunga kifuniko polepole huku ukiitazama picha, maana kebo ya skrini hupita karibu na bawaba, na mistari inayotokea na kupotea kulingana na pembe ya kifuniko ni ushahidi wa kutosha dhidi yake. Cha tatu ni kufungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha programu zinazofanya kazi, wakati tatizo linapotokea: kila kitu kikipepesa isipokuwa dirisha hilo, mshukiwa ni programu fulani, lakini nalo likipepesa pamoja na vingine, mshukiwa ni draiva ya grafiki. Kwangu BIOS ilitulia, bawaba haikuwa na neno, na Task Manager ilipepesa sawa na vingine.

Kipimo cha skrini ya nje ndicho kinachosifiwa kuliko vyote, na ndicho ninachokiamini kwa tahadhari. Katika kompyuta nyingi za michezo tundu la HDMI limeunganishwa moja kwa moja na kadi kubwa, ilhali skrini ya ndani hupokea picha kupitia kadi ndogo. Kwa hiyo picha safi huko nje huondoa lawama kwa kadi kubwa, lakini haisemi lolote kuhusu kadi ndogo wala draiva yake, na anayehitimisha kwamba kioo kimekufa kwa sababu tu televisheni inaonyesha vizuri anaweza kununua kioo kipya na kubaki na ugonjwa ule ule.

Kilichonisaidia ni swichi ya MUX, inayochagua kadi ipi iendeshe skrini ya ndani, na ambayo katika mashine yangu hubadilishwa kwa programu ya mtengenezaji na kuhitaji kuwasha upya. Nilipoiweka kadi kubwa iendeshe skrini moja kwa moja, kupepesa kulikoma kabisa. Nilipoirudisha katika hali ya mseto, ambamo picha hupitia kadi ndogo, kukarudi. Hapo nikaenda kwenye programu ya Intel ya kusimamia kadi ndogo, sehemu ya umeme, na kuzima mpangilio unaoitwa Panel Self Refresh. Kazi yake ni kuiruhusu skrini ishike picha isiyobadilika katika kumbukumbu yake yenyewe ili kadi ipumzike, na ndiyo maana tatizo lilinijia nikiwa nimetulia tu. Baada ya kuuzima, hali ya mseto nayo ilitulia.

Kule kuzimika wakati wa kuchomoa chaja kulikuwa na sababu nyepesi zaidi: programu ya mtengenezaji ilikuwa ikiishusha skrini kutoka hezi 144 hadi 60 ili kuokoa betri, na mabadiliko hayo huifanya picha ikatike kidogo. Si ubovu, ila kwa mnunuzi asiyejua lina sura ya ubovu, na sioni kwa nini onyo la mstari mmoja lisingewekwa. Nimeuzima mpangilio huo, nami naishusha kasi mwenyewe ninapotaka.

Niongeze kwamba kufuta draiva kwa DDU, programu ya kuondoa draiva za grafiki, katika hali salama ya Windows na kuisakinisha upya, ushauri unaotolewa kila mahali kama dawa ya kila homa, hakukubadilisha chochote kwangu. Ninaoupenda zaidi ni mkato wa kubonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, unaoianzisha upya draiva ya grafiki bila kufunga kazi; umeniokoa skrini ilipogoma kuwaka baada ya mashine kuamka.

Lililobaki halina mpangilio wa kulitibu. Kwa hezi 144 kila picha hukaa chini ya milisekunde 7, na pikseli za kioo hiki haziwahi kubadilika kikamilifu kwa muda huo, hivyo kitu chenye rangi nyeusi kikipita haraka huacha kivuli nyuma yake. Katika michezo ya mbio za magari sikijali. Katika michezo ya kulenga shabaha gizani kinanikera, na kwa michezo hiyo mimi huunganisha skrini ya nje.