Skeletoni ya plastiki ya kusomea mifupa: nyonga safi, fuvu hapana

Nina miezi mitatu nayo najifunza kupima mifupa na kilichonifurahisha zaidi ni nyonga, wameweka mbili, ya kike na ya kiume, ile pembe ya chini ya kinena, pale mifupa ya nyonga inapokutana mbele, unaiona kabisa, pana kwa mwanamke na nyembamba kwa mwanaume, na nyonga ndo inaaminika kuliko mifupa yote kutambua jinsia. Ila fuvu jamani! Maungio, ile mistari ambapo vipande vya fuvu vinakutana, yamechorwa rangi tu, huwezi kujifunza yanavyoshikana umri ukienda. Mfupa wa paja unachomoka, safi sana, maana urefu wake ndo tunakadiria nao kimo cha mtu. Viganja vimefungwa waya, vile vifupa 27 vya kila mkono huwezi kushika kimoja kimoja, imeniuma. Kwa anayeanza achukue tu.